Ray Stevens: fundi wa studio aliyefichwa na vichekesho vyake

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kwa sisi tuliokulia katika nyumba ambamo redio haikuzimwa Jumapili jioni mpaka Jim Reeves aimbe, muziki wa kantri ulikuwa muziki wa majonzi. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kanda moja ya kunakiliwa, isiyo na majina ya nyimbo, na katikati ya Kenny Rogers na Don Williams alijitokeza mtu mmoja aliyekuwa akiimba, akipiga yowe la mwituni, akijijibu kwa sauti ya kike, akilia kama nyani, kisha akarudi kwenye gitaa kana kwamba hakuna lililotokea. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa; kila kanda ilipofika hapo aliipeleka mbele, nasi watoto tulisubiri atoke ili tuirudishe nyuma kwa kalamu ya Bic, maana kuirudisha kwa mashine kulimaliza betri na betri zilihesabiwa. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mtu yule ni Ray Stevens na kwamba wimbo ule, „Gitarzan”, ulitoka mwaka 1969. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila anapotajwa hutajwa kama mchekeshaji aliyejua kuimba kidogo, na mimi naona kinyume chake ndicho kilicho kweli.

Jina lake la kuzaliwa ni Harold Ray Ragsdale. Alizaliwa tarehe 24 Januari 1939 huko Clarkdale, jimbo la Georgia, kijiji kidogo kilichoota kando ya kiwanda cha nyuzi za pamba (nyuzi za kushonea, wakuu, si nyuzi kama huu). Alianza kufundishwa piano angali mtoto mdogo. Familia ilipohamia Albany, kusini mwa Georgia, akaanza kupiga katika bendi ya vijana na kusikiliza kwa bidii muziki wa Wamarekani Weusi uliokuwa ukirushwa redioni. Kundi lililomkaa zaidi ni The Coasters, ambao nyimbo zao zilikuwa kama mchezo wa kuigiza wa dakika tatu: huyu ana sauti nene ya kukemea, yule analalama, mwingine anaingiza neno moja la kukata maneno yote. Hapa ndipo wengi wanapokosea kumweka. Kichekesho chake hakikutoka kwa wale wachekeshaji wa kantri waliopanda jukwaani na suruali fupi na kofia iliyochakaa, kilitoka kwa The Coasters, na mwaka 1969 aliurekodi upya wimbo wao „Along Came Jones” kana kwamba analipa deni.

Familia ilihamia tena, safari hii Atlanta, na huko akakutana na Bill Lowery, mchapishaji wa muziki aliyekuwa mlango wa vijana wengi wa Georgia. Mwaka 1957, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alipata mkataba na tawi la kampuni ya rekodi ya Capitol, na jina likabadilishwa: Ray ni lake la katikati, Stevens limetokana na ukoo wa mama yake, Stephens. Baadaye alisoma muziki katika chuo cha Georgia State huku akirekodi na studio ya NRC ya Atlanta, pamoja na vijana wenzake Jerry Reed na Joe South, ambao nao walikuja kuwa watu wakubwa. Mwaka 1960 alitoa wimbo wa mzaha kuhusu askari polisi wa Yukon, Kanada, aliyekuwa mhusika wa redio na televisheni. Ukaanza kuuza. Wenye hakimiliki ya mhusika wakatishia kwenda mahakamani, na wimbo ukaondolewa sokoni. Mtu mwingine angesusa.

Yeye mwaka uliofuata alijiunga na kampuni ya Mercury akaibuka na wimbo wa kudhihaki matangazo ya dawa, wenye jina refu hivi: „Jeremiah Peabody's Polyunsaturated Quick-Dissolving Fast-Acting Pleasant-Tasting Green and Purple Pills”. Nimeliandika lote kwa sababu jina lenyewe ndilo nusu ya kichekesho. Mwanzoni mwa 1962 alihamia Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, na mwaka huohuo „Ahab the Arab” ukafika nafasi ya 5 katika chati ya nyimbo za Marekani nzima. Najua wimbo huo utaleta maswali; tutafika huko.

Nashville ya wakati ule haikumwajiri ili achekeshe. Mercury walimtumia kupanga muziki wa waimbaji wengine, kupiga piano, kinanda na hata tarumbeta, kuimba sauti za nyuma, na kukaa upande wa pili wa kioo kama prodyuza. Alipohamia kampuni ya Monument, alisimamia baadhi ya rekodi za mwanzo kabisa za Dolly Parton, wakati ambapo kampuni ilikuwa ikimtafutia binti huyo njia katika pop kabla hajawa Dolly tunayemjua. Mtu anayeshinda studio akipanga fidla za wenzake hujifunza jambo moja: sauti isiyo na kazi hutolewa. Sikiliza „Gitarzan” kwa vipokea sauti vya masikioni uone yule nyani anavyoingia. Anaingia mahali ambapo mpangaji mwingine angeweka tarumbeta, na anatoka kabla hajachosha.

Sasa hapa kuna kidonda. Mwaka 1968 alitoa „Mr. Businessman”, wimbo mkali wa kumkemea mfanyabiashara aliyeuza maisha yake kwa fedha, na ulifanya vizuri kiasi. Mwaka 1969 akawa miongoni mwa watu wa kwanza kurekodi „Sunday Mornin' Comin' Down” wa Kris Kristofferson, ambaye bado hakuwa na jina. Aliuimba kwa utulivu, bila utani hata chembe. Uliishia nafasi ya 55 katika chati ya kantri. Mwaka uliofuata Johnny Cash akauchukua wimbo uleule na kuufikisha nafasi ya kwanza. Sidhani kwamba Cash aliuimba vizuri zaidi. Nadhani watu walikuwa tayari kumwamini Cash kwamba ameamka Jumapili na kichwa kizito, lakini mtu waliyemzoea akilia kama nyani walisubiri aanze kuwachekesha. Ndiyo gharama ya ufundi wake mwenyewe.

Kisha ikaja 1970 na „Everything Is Beautiful”, chini ya Barnaby, kampuni ya mwimbaji Andy Williams. Unaanza na kwaya ya watoto wa shule, wakiwemo mabinti zake wawili, wakiimba wimbo wa shule ya Jumapili. Ulikaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki mbili na ukampa Grammy ya mwimbaji bora wa kiume wa pop. Mjomba wangu aliupenda wimbo huu maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba ni mtu yuleyule aliyekuwa akimpeleka mbele kwenye kanda.

Angeweza kuhamia moja kwa moja kwenye nyimbo za heshima. Badala yake ikaja 1974. Siku hizo vijana wa vyuo vya Marekani walikuwa wameshikwa na wazimu wa kukimbia uchi hadharani. Yeye alisoma habari hiyo katika jarida la habari akiwa ndani ya ndege, akaandika vidokezo, akaviweka kando. Mambo yalipovuma nchi nzima ikawa mbio, kwa maana watunzi wengi walikuwa wakikimbilia jambo hilohilo. „The Streak” ukawashinda wote na kuwa namba 1 Marekani na Uingereza. Tazameni ulivyojengwa. Kuna mwandishi wa habari wa televisheni anayefika kwenye tukio na kumhoji shahidi, bwana mmoja wa shamba ambaye kila mara alikuwapo na mkewe, na kila mara anasimulia jinsi alivyomwonya mkewe asitazame, akachelewa. Mara ya kwanza ni dukani, mara ya pili kituo cha mafuta, mara ya tatu uwanja wa mpira wa kikapu, na mwisho mke mwenyewe anajiunga na mbio. Mwandishi na shahidi wote ni Stevens. Ni ngano ya mara tatu, ileile tuliyosimuliwa na bibi zetu, imevalishwa gitaa. Kwa hiyo wazimu ule ulipokwisha baada ya miezi michache, wimbo haukufa nao.

Mwaka 1975 alifanya jambo ninalolihesabu kuwa ushahidi wangu mkubwa. „Misty” ni utungo wa mpiga piano wa jazi Erroll Garner, wa polepole, wa taa hafifu. Stevens na bendi yake, wakiwa wanachezea tu mazoezini, waliupiga kwa kasi ya muziki wa milimani, kwa banjo na fidla, na wakagundua kwamba haukuvunjika. Ulifika nafasi ya 3 katika kantri, ukatamba Uingereza, na ukampa Grammy ya pili, safari hii ya upangaji wa muziki. Wenzake wa kazi ndio waliompa tuzo hiyo, na walimpa fundi. Baada ya hapo, kwa kuwa ndivyo alivyo, akarekodi „In the Mood”, ule wimbo wa densi uliompa Glenn Miller umaarufu, wote kwa mlio wa kuku. Kuku wenyewe wanapiga ala kwa upatanifu kamili. Mwenye masikio atasikia kila sauti ya saksafoni imepewa kuku wake.

Miaka ya 1980, chini ya kampuni ya MCA, alikubali kwamba soko lake ni kicheko na akalilima. Kutoka enzi hiyo nitazungumzia wimbo mmoja tu, „Mississippi Squirrel Revival”. Mtoto anamkamata kindi, anamtia katika boksi la viatu, anakwenda naye kanisani katika mji wa Pascagoula. Kindi anatoroka. Anaingia ndani ya suruali ya mwumini mmoja, ambaye anaanza kurukaruka na kupiga mayowe, na kanisa zima linadhani Roho ameshuka. Kindi anafika kwa mama mmoja anayejulikana kwa kuwahukumu wenzake, na mama yule, kwa hofu ya kitu asichokiona kinachotembea mwilini mwake, anaanza kuungama dhambi kwa sauti na kutaja majina. Wanaoahidi kwenda kuhubiri ng'ambo wanaahidi, fedha za sadaka zinamiminika. Ninyi mliokulia makanisani mnajua kila mtu aliyemo katika wimbo huo, mmekaa naye benchi moja. Kinachonifurahisha ni kwamba mwimbaji haicheki imani hata mara moja. Anawacheka waumini, na anawacheka kama mtu aliyekuwapo.

Albamu yake „I Have Returned” ilifika namba 1 katika chati ya albamu za kantri, na wasomaji wa jarida la Music City News wakamchagua mchekeshaji wa mwaka mara tisa mfululizo, kuanzia 1986 hadi 1994. Mwaka 1991 alifungua ukumbi wake Branson, Missouri, na mwaka 1992 akauza kanda za video za nyimbo zake kwa matangazo ya televisheni, mteja akipiga simu na kuletewa nyumbani, bila kupita dukani. Zilinunuliwa kwa wingi sana. Kwa hesabu ya biashara nadhani hakuna alilofanya kwa werevu kuliko hilo.

Karibuni tuchangie.

Jibu la 1

Mleta uzi, ahsante kwa kazi nzuri, lakini umeuruka moto kwa kusema „tutafika huko”. Mimi ni mtu wa Pwani, babu yangu mzaa mama ni Mshihiri, Mwarabu wa Yemen, na nimeusikiliza huo wimbo wa Ahab baada ya kusoma andiko lako. Kuna sultani, kuna nyumba ya wanawake wake, kuna ngamia mwenye jina la Kizungu, kuna vito tele na pete kila kidole, na kuna mahali mwimbaji anajifanya kuongea Kiarabu kwa kutoa sauti zisizo na maana. Hata neno „Mwarabu” lenyewe analitamka kwa namna ya dharau iliyozoeleka huko Kusini mwa Marekani. Kama ufundi ndio huo, naomba utueleze fundi alikuwa akimchonga nani. Sisemi asichezwe, nasema usimsifu kwa nusu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umenibana mahali panapostahili na sitakwepa. Ahab hakuwa Mwarabu yeyote aliyewahi kuishi. Alitoka katika filamu za jangwani na vitabu vya hadithi ambavyo kijana wa Georgia aliyezaliwa 1939 alikuwa navyo badala ya kuwa na majirani Waarabu. Hiyo inaeleza, haisafishi. Ukiweka wimbo huo kando ya ule wa kindi utaiona tofauti waziwazi: huku anawacheka watu wake, anawajua hadi namna wanavyokaa kanisani, kule anawacheka watu asiowajua, na kwa kuwa hawajui, ndiyo maana anajaza nafasi kwa sauti zisizo maneno. Ngamia yule anaigizwa vizuri kuliko binadamu. Kwangu mimi huo ndio wimbo wake dhaifu miongoni mwa ule mkururo maarufu, japo ndio uliomfungulia mlango, na nakiri kwamba niliuruka kwa sababu uliniaibisha.

Tena nitaongeza jingine lililo upande wako. Mwishoni mwa 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, alitoa „Osama—Yo' Mama”, na kuanzia 2009 akageukia nyimbo za siasa za mrengo wa kulia, akianza na „We the People” uliopinga mpango wa afya wa serikali ya Obama, ulitazamwa na watu wengi sana kwenye YouTube. Siasa zake ni zake. Shida yangu ni ya kisanaa: katika nyimbo hizo hakuna tena yule shahidi wa shambani, hakuna sauti ya pili inayomjibu, kuna mtu mmoja tu anayesema anachokiamini. Mtu aliyejenga maisha kwa sauti nyingi akabaki na moja.

Jibu la 2

Wakuu, kwa heshima zote, mbona Roger Miller hatajwi? Kama ni kantri ya kuchekesha yenye ufundi, yule ndiye mwalimu. „Dang Me” wa 1964, „King of the Road” wa 1965, na hakuhitaji kuku wala nyani. Na kabla yake kulikuwa na wachekeshaji wawili Homer na Jethro, na Little Jimmy Dickens, ambaye mwaka 1965 alifika namba 1 ya kantri kwa wimbo wa kumwapiza mtu kwamba ndege wa peponi aruke aingie puani mwake. Pia swali: kwa nini Stevens hakuvuma huku kwetu wakati Kenny Rogers kila matatu ilimpiga?

Mleta uzi

Mkuu, Miller sina ugomvi naye. Kwa maneno anamshinda Stevens, tena kwa mbali. Miller anaweza kukuchekesha kwa vina peke yake, akiwa na gitaa na mluzi. Stevens si mshairi wa kiwango hicho. Yeye ni mtu wa sauti na wa mpangilio: mvue studio utamkuta amepungua, mvue Miller studio utamkuta vilevile. Dickens naye alikuwa mwimbaji aliyeletewa nyimbo nzuri za kuchekesha na akajua kuzibeba.

Kuhusu kutovuma kwetu, jibu langu ni fupi. Kenny Rogers akiimba juu ya mume aliyeachwa na mkewe shamba likiwa na mavuno, mkulima wa Nyandarua haelekezwi. Lakini ili ucheke „The Streak” lazima uyajue matangazo ya habari ya Marekani ya 1974 na lafudhi ya yule bwana wa shamba, na lazima uvijue kwa kasi, kwa sababu kicheko hakisubiri mtu atafute maana. Nyimbo zake zilizosafiri mpaka hapa ni zile mbili ambazo hazihitaji kuelezwa: ule wa kwaya ya watoto, na „Misty”.

Nashville yenyewe ilichelewa pia. Watunzi walimwingiza katika ukumbi wao wa heshima mwaka 1980, lakini Country Music Hall of Fame haikumwita mpaka 2019, akiwa na miaka 80, pamoja na Brooks & Dunn na prodyuza Jerry Bradley. Homer na Jethro walikwisha kuingizwa 2001. Mwaka mmoja kabla ya kuitwa alikuwa amefungua ukumbi wake mwingine, CabaRay, magharibi mwa Nashville, ambako watu walikula chakula cha jioni huku mzee akiwa kwenye piano.

Nimeitafuta ile kanda ya mjomba mwezi uliopita tulipokuwa tukigawana vitu vyake. Ipo, boksi limepasuka kona. Utepe umekunjamana mahali pamoja tu, kwenye „Gitarzan”, na sijui kama ni kwa kalamu yetu au kwa kidole chake.